Mayai Yanataka Mia, Mtoto Anataka Tisini

Pale Ramisi, ng'ambo ya lango la kiwanda cha sukari, palikuwa na mataruma mawili yaliyong'olewa kwenye reli ya miwa na kulazwa juu ya mawe. Hapo ndipo palipokuwa barazani. Paa lake lilikuwa ukingo wa duka ambalo mwenyewe alilifunga akahamia Mombasa, kwa hiyo mvua ikija ya upande kila aliyeketi alilowa bega moja. Saa kumi alasiri Sefu muuza kahawa alitua dele lake, akapuliza makaa, akagonganisha vikombe, na wateja wakaja mmoja mmoja. Alikuja Mzee Mwinyihaji wa Vanga, aliyelisha makaa tanuri za meli miaka ishirini, wakamwita Stima. Alikuja Shutu mkata miwa, aliyeitwa Kadhi kwa kuwa hakuna neno lililopita mbele yake bila kuhukumiwa. Alikuja Mwero, fundi umeme wa kiwanda, Mduruma wa upande wa Kinango, jina lake la barazani Fyuzi. Na alikuja Chande wa Bodo, mkata miwa naye, mtu wa maneno haba, ambaye walimwita Kimya. Mwaka huo ulikuwa wa hamsini na sita, masika yanamalizikia na kusi imeanza kuuma alfajiri, na baraza zima lilikuwa na habari moja tu: sanduku la Fyuzi.

Ndani ya sanduku hilo alikuwa amelazwa binti wa Chande.

Mwanatumu, mkewe Chande, alikuwa ameharibikiwa na mimba tatu. Hii ya nne ilitoka ikiwa na miezi saba, lakini ilitoka hai. Sista Hannah, mkunga wa hospitali ya Msambweni, alikuja kwa baiskeli na matope hadi magotini, akamtazama mtoto aliyetosha katika viganja viwili, akasema kumpeleka Mombasa kwa mvua ile na barabara ile ni kumuua njiani.

"Mwekeni kwenye joto," alisema. "Joto lisilopanda, lisiloshuka. Maziwa ya mama tone kwa tone. Na wanaume wenye vumbi la miwa na vikohozi wakae nje. Yaliyobaki ni ya Mungu."

Bi Asiya, mama yake Mwanatumu, alimfunga mjukuu wake katika pamba ya msufi akamlaza kifuani. Lakini kambi ya wakata miwa ilikuwa na kuta za udongo zilizokunywa mvua mwezi mzima, na kulipopambazuka vidole vya mtoto vilikuwa vimeanza kugeuka rangi. Ndipo Mwero alipokuja kupiga hodi. Hakuwa ameitwa. Alisema kwamba nyumba yake ina umeme wa kiwanda na kambi haina, basi nyumba ni yao tangu sasa. Alitoa nguo zake, akaacha kitanda, akahamia kwenye stoo ya nyaya kiwandani. Kisha alichukua sanduku la chai, lile lenye bati ndani, akatia balbu mbili chini, kitambaa kibichi katika bakuli, kioo juu, na kipimajoto cha Farenhaiti pembeni. Na kitu kimoja zaidi, alichokichomoa katika mashine ya kuangulia mayai iliyotupwa na mzungu mmoja aliyehama Gazi. Kitu hicho ndicho kilichokuwa kikizima balbu joto likizidi na kuziwasha joto likipungua. Mtoto akaanza kupata rangi.

Siku tisa kilifanya kazi. Siku ya kumi kikafa.

– Nimesikia kimekufa, alisema Shutu, kabla hata hajaketi.

– Kimekufa nini? aliuliza Mzee Mwinyihaji.

– Hicho kidude cha Fyuzi. Tamustahi.

– Thamostati, alisema Mwero. Macho yake yalikuwa mekundu, na kikombe kilikuwa kinapoa mkononi mwake.

– Si ndivyo nilivyosema? Tamu, halafu stahi. Kitu chenye jina kama hilo hutakiwa kiheshimiwe, wewe umekifunga kwa waya kama mbuzi.

– Hebu tueleze tena, Fyuzi, alisema Sefu akimimina. Mimi juzi nilikuwa natafuta moto, sikusikia vizuri.

Mwero akaweka kikombe chini, akaunganisha viganja vyake vikavu.

– Ni kibati cha shaba. Kama visahani viwili vidogo vilivyobandikwa midomo. Ndani mna tone la dawa, likipata joto linataka kuruka. Likitaka kuruka, kibati kinavimba, kinasukuma kijiti, kijiti kinakata umeme. Balbu zinazimika. Kukipoa, kibati kinanywea, balbu zinawaka. Basi. Sasa kibati kimetoboka, dawa imetoka, hakivimbi tena. Balbu zinawaka tu, hazijui kuzimika.

– Chumvi, alisema Mzee Mwinyihaji. Chumvi ya bahari. Nimeona mlango wa tanuri, chuma nene hivi, umeliwa na chumvi kama mkate.

– Mzee, tuko Ramisi. Bahari iko wapi?

– Bahari inatembea, mwanangu. Na tena si chumvi peke yake. Kile kitu kimezaliwa Ulaya. Kule joto ni mgeni, likija hupokewa kwa heshima. Hapa kimekuta joto limekaa tangu enzi. Kimevimba, kimenywea, kimevimba, kimenywea, mwisho kikakata tamaa. Nimeona mabaharia wa Kizungu wakifa hivyo hivyo.

– Kwa kutoboka?

– Kwa kukata tamaa.

– Hapana, hapana, alisema Shutu, akainua kidole cha hukumu. Nyote mmepotea. Kile kitu kazi yake ilikuwa mayai. Siku ishirini na moja, vifaranga nje. Kinajua kuhesabu! Sasa kimekaa, kimetazama, yai hakilioni, kipo kitu kinalia. Kimeona kimetimiza kazi, kimejipumzisha. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mkimlea kwa mashine ya kuku atawika.

– Ni wa kike, alisema Sefu.

– Basi atatetea.

Wakacheka. Chande hakucheka, lakini hakukasirika pia. Alikuwa amekaa nao miaka saba kwenye mataruma yale na aliwajua: wakiogopa, walicheka. Hata Shutu, alipokuwa akicheka, alikuwa anatazama nyumba ya Mwero upande wa pili wa njia, kwenye dirisha lililozibwa kwa kanga.

Yeye Chande alikuwa na siku mbili hajafumba macho. Tangu kibati kilipokufa, Mwanatumu na Bi Asiya walikuwa wakifanya kazi yake kwa mikono: mmoja anatazama kipimajoto, anazima, kinashuka, anawasha. Kila Chande alipotoka shambani alioga, akavaa shuka safi, akaingia hadi ukingo wa sanduku, akainama na kusoma ule mstari mwekundu: themanini na nane, tisini, tisini na moja. Kisha alitoka. Angeweza kumwambia mtu yeyote joto la sanduku lile kwa kila saa ya siku kumi na moja. Siku kibati kilipotoboka, Bi Asiya ndiye aliyesikia mtoto akihema kama mtu aliyekimbia, akamnyakua. Na jana yake mchana Mwanatumu alipitiwa na usingizi akiwa ameketi, mkono kwenye swichi. Alipozindukana mstari ulikuwa umefika mia na mbili.

– Kingine kinapatikana wapi? aliuliza Chande.

Kicheko kikakatika. Kimya alikuwa ameuliza swali.

– Nimetuma neno Mombasa kwa dereva, alisema Mwero polepole. Hawana. Wanasema wataagiza Nairobi. Wiki tatu.

– Wake zangu... wale wanawake hawana wiki tatu, alisema Chande. Ulimi wake ulikuwa umechoka. Hawana hata tatu siku.

Hakuna aliyemcheka kwa kupindua maneno. Mzee Mwinyihaji alitazama chini. Mwero akafunika uso.

Sefu ndiye aliyeweka dele chini kwa kishindo.

– Bongwe! alisema. Kuna mtu Bongwe! Mzee Suleiman, wanamwita Suleiman wa Kuku. Nilipokuwa nikiuza kahawa Ukunda alikuwa anapita na matenga ya vifaranga, wote wa siku moja, kama waliopigwa muhuri. Watu wakisema ana mchawi anayeatamia. Mimi nikamwuliza, akaniambia ana mashine ya taa.

Mwero alikuwa amesimama.

– Mashine ya taa ina kibati, alisema. Haiwezi kukosa kibati.

– Kesho lori la sukari linapita Ukunda, alisema Mzee Mwinyihaji. Dereva ni mjomba wa mke wangu. Kimya ataketi kwenye gunia, lakini atafika.

– Na fungu langu la miwa? aliuliza Chande. Nyapara atalikuta limesimama.

– Fungu lako nitakata mimi, alisema Shutu.

– Na lako?

– Na langu. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Hakuna aliyejua upwa uliingia vipi kwenye miwa, na hakuna aliyeuliza.

Asubuhi Chande aliketi juu ya magunia, akashuka Ukunda, akaulizia njia ya Bongwe. Alimkuta Mzee Suleiman nyuma ya nyumba yake, mtu mrefu, mwembamba, kofia ya kiua imekaa kandokando, akichungulia sanduku kubwa la mbao lililokuwa na taa ya mafuta ubavuni.

– Hodi! Shikamoo mzee.

– Marahaba, mwanangu. Karibu. Ingia polepole, usiingize upepo.

Chande akajitaja kuwa ni Chande wa Bodo, ametokea Ramisi. Kabla hajasema shida yake, mzee alikuwa ameshamshika mkono. Alikuwa mtu aliyekaa muda mrefu bila wa kumwonyesha kazi yake. Alimwonyesha taa, alimwonyesha kifuniko cha moshi kilichojiinua na kujilaza, akamwonyesha kibati chenyewe, cha shaba, kimetulia juu ya mayai kama sarafu kubwa. Kisha akafungua mlango, akatoa yai moja, akaliweka mbele ya mwanga wa taa ndani ya kiganja alichokikunja.

– Tazama.

Chande akatazama. Ndani ya yai mlikuwa na mishipa myekundu, myembamba kama mizizi ya mpunga, na katikati yake kitone cheusi kilichokuwa kinarukaruka.

– Moyo, alisema Mzee Suleiman. Mayai ni sitini, na leo yana siku kumi na mbili. Mwaka jana niliunguza yote. Mwaka juzi taa ilizimika. Mwaka huu, inshallah, nimeshaijua.

Chande alikuwa amekuja na maneno aliyoyapanga njia nzima juu ya magunia. Aliyatafuta, hayakuwepo. Kitone kile kilikuwa kinaruka mbele ya macho yake. Alifikiri: nitamwambiaje mtu huyu, zima mioyo sitini?

– Basi mzee, alisema. Nashukuru kwa kunionyesha. Mungu ayabariki. Niruhusu nikaliwahi lori.

Mzee Suleiman alirudisha yai mahali pake, akafunga mlango, akamtazama.

– Umetoka Ramisi juu ya lori la sukari uje utazame mayai?

Chande akageuka kutoka.

– Mwanangu, mimi ni mzee lakini si mjinga. Umekuja na jambo. Liteme.

Ndipo alipolitema. Alisema mimba tatu, mtoto wa viganja viwili, sanduku la chai, kibati kilichotoboka, na mwanamke aliyelala na mkono kwenye swichi. Aliyasema yote huku akitazama miguu yake, na tope la Ramisi lilikuwa limekaukia vidoleni.

– Ana siku ngapi? aliuliza Mzee Suleiman.

– Kumi na mbili.

– Umri mmoja na hawa.

Mzee akatoa bisibisi mfukoni mwa shati. Akaizima taa kwanza. Kisha akaanza kufungua skrubu, moja, ya pili, bila haraka, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

– Mzee, alisema Chande. Mayai je?

– Ndilo nami ninalojiuliza. Mwanafatuma! Mwanafatuma we!

Mkewe alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mumewe alimweleza kwa maneno matano. Bi Mwanafatuma alimtazama Chande, akatazama kibati mkononi mwa mumewe, akatazama lile sanduku lililokuwa limeshaanza kupoa.

– Wanaume, alisema. Mnasimama hapa mnatazamana mayai yakipoa. Kuku wako wapi Bongwe? Wameisha?

Akatoka uani, akasimama kwenye ua wa makuti, akapaza sauti ambayo Chande aliikumbuka maisha yake yote:

– Jamani wee! Mwenye kuku anayeatamia na aje! Aje na kikapu! Aje sasa hivi!

Wakaja. Alikuja jirani wa kwanza na kikapu chenye manyoya ndani, akaja wa pili na upande wa kanga alioukunja tumboni kama mfuko, akaja bibi kizee aliyesema kuku wake ni mkali lakini moyo wake ni mzuri, akaja binti aliyembeba kuku mwenyewe kwapani, anapiga kelele. Bi Mwanafatuma alikuwa anagawa: wewe kumi, wewe kumi na moja, huyu wako mdogo mpe manane. Mayai yalikuwa bado yana joto. Wanawake waliyafunika kwa kanga zao na kuondoka kwa mwendo wa haraka usio wa kukimbia, kama watu waliobeba maji yaliyojaa. Hata adhana ya adhuhuri ilipoingia, sanduku la Mzee Suleiman lilikuwa tupu.

Mzee alifunga kibati kwenye kitambaa, akakitia mkononi mwa Chande, akakikunja kiganja chake juu yake.

– Mwambie fundi wako, hiki nimekitegea mia. Mayai yanataka mia. Mtoto hatazidi tisini. Alegeze skrubu robo, tena robo, asubiri. Asiwe na pupa.

– Mzee Suleiman, mimi sijui nikushukuru...

– Usinishukuru bado. Kwanza kifanye kazi.

Chande aliketi juu ya lori tupu lililokuwa likirudi Ramisi, kibati amekiweka kwapani chini ya shati, na kila lori lilipoingia shimoni alikifunika kwa mikono yote miwili. Alilia kuanzia Msambweni. Hakuwa na huzuni, na hilo ndilo lililomshangaza.

Kabla ya magharibi Mwero alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku. Bi Asiya alimshika mtoto kifuani, Mwanatumu aliegemea ukuta, macho yake yamefunguka lakini hayaoni. Mwero alikitoa kibati kilichokufa, akakiweka sikioni na kukitikisa. Hakikutoa sauti. Akakifunga kipya mahali pake, akafupisha kijiti, akaunganisha waya, akawasha.

– Mayai yanataka mia, alisema Chande nyuma yake. Mtoto anataka tisini. Legeza robo. Usiwe na pupa.

Mwero akalegeza robo. Wakasubiri. Mstari mwekundu ukapanda: themanini na tano, themanini na nane, tisini, tisini na mbili, tisini na nne.

– Robo nyingine, alisema Chande.

Mwero akazima, akaacha kipoe, akalegeza robo nyingine, akawasha. Themanini na nane. Tisini. Tisini na moja. Na hapo, bila mkono wa mtu kuigusa swichi, balbu zikazimika.

Mstari ukateremka taratibu, ukafika themanini na tisa. Balbu zikawaka.

– Tena, alisema Bi Asiya.

Zikazimika tena. Zikawaka tena. Mara ya tatu Bi Asiya akapiga kigelegele, kidogo sana, kwa chini, asimshtue mtoto, akamlaza ndani. Mwero alipogeuka kumpongeza Mwanatumu, alimkuta ameshalala pale pale sakafuni, mdomo wazi. Wakamfunika. Alilala hadi jua la siku ya pili lilipokuwa juu ya dohani la kiwanda, akaamshwa tu kutoa maziwa.

Wiki saba zikapita. Mvua ilikwisha. Sista Hannah alikuja akaamuru sanduku lizimwe mchana, na mtoto avae nguo kama watu. Barazani, hata hivyo, habari ilikuwa ile ile.

– Mimi nasema aliyemwokoa ni Sefu, alisema Mzee Mwinyihaji. Bila Sefu, nani angeijua Bongwe?

– Lori, alisema Sefu. Bila lori lenu ningeijua Bongwe nikabaki nayo.

– Msisahau aliyekata mafungu mawili ya miwa kwa siku moja, alisema Shutu. Mgongo huu mpaka leo. Lakini sidai sifa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi mnaniona nimeketi.

– Kadhi, hiyo methali imekusifu au imekutukana?

– Imehukumu. Haina rufaa.

– Na bibi kizee wa kuku mkali? alisema Chande.

Siku hizi alikuwa anasema. Waligeuka kumsikiliza.

– Kila nikikaa nawafikiria wale, aliendelea. Siwajui majina. Walikuja mbio, hawakuuliza mtoto wa nani, kabila gani, wa wapi. Walifungua kanga tu. Nikiomba dua naomba, Mola, wale wa vikapu.

– Amina, alisema Mzee Mwinyihaji.

Lori la sukari lililorudi tupu likasimama mbele ya lango, na akashuka mzee mrefu, mwembamba, mwenye tenga mkononi. Kofia yake ilikuwa imekaa kandokando. Chande aliruka, akamwaga kahawa.

– Shikamoo Mzee Suleiman!

– Marahaba, marahaba. Assalamu alaikum, jamaa.

– Waalaikumu salaam! Karibu! Karibu mgeni!

Wakamsogezea nafasi iliyo nzuri, ile isiyo na msumari. Sefu akakiosha kikombe mara mbili. Mzee Suleiman akaweka tenga chini; ndani yake mlikuwa na vifaranga watano waliokwisha kuota manyoya.

– Wametoka arobaini na watatu, alisema. Kwa mashine sijawahi kupata thelathini. Mke wangu ananicheka kutwa, ananiambia niliuze lile sanduku ninunue kuku. Hawa watano wametoka kwa majirani, kila nyumba mmoja. Wamesema ni wa yule mtoto, umri mmoja naye. Wanakula mchele uliopondwa.

Chande alilipokea tenga, akalipakata. Shutu alimsaidia kwa kusema kwa wawili, akamweleza mgeni habari za tamustahi, tamu na stahi. Mzee Mwinyihaji akaleta hoja ya chumvi. Mwero akaeleza robo ya skrubu. Mzee Suleiman alisikiliza yote kwa adabu, akanywa kahawa yake hadi mashapo, akajifuta mdomo.

– Alhamdulillahi, alisema. Basi niambieni. Amefanana na nani?

Mzee Mwinyihaji alimtazama Sefu, Sefu akamtazama Mwero. Hakuna aliyekuwa amemwona. Walikuwa wamekaa miezi miwili wakimzungumza kila jioni, wanaume wenye vumbi na vikohozi, upande wa huku wa njia. Mwero ndiye aliyeingia, na yeye alitazama nyaya.

Wote wakamgeukia Chande.

Chande alikuwa amekwisha kuanza kujibu, kwa kuwa ni swali ambalo baba yeyote hulijibu kabla halijaisha kuulizwa. Na jibu halikuwepo. Alitafuta uso, akapata mstari mwekundu. Tisini. Themanini na tisa. Aliona kioo, kitambaa, pamba ya msufi. Mara ngapi alikuwa ameinama juu ya sanduku lile? Na kila mara macho yake yalikwenda pembeni, kwenye kipimajoto, yakakaa huko, kwa sababu namba haifi. Hata jina alikuwa hajampa. Siku ya saba ilipita, akasema tungoje kidogo, na hakuna aliyethubutu kumwuliza wanangoja nini.

– Niwieni radhi, alisema.

Akavuka njia. Aliosha mikono hadi viwikoni kwenye pipa, akavua shati, akajitanda shuka safi, akapiga hodi nyumbani kwa Mwero kama mgeni. Mwanatumu alikuwa ameketi mkekani, mtoto mapajani, ametoka kunyonya.

– Kuna nini? aliuliza Mwanatumu. Umekimbia?

– Nipe, alisema Chande.

Mwanatumu akamtazama mumewe kwa muda. Kisha akamwinua mtoto, akamweka kwenye mikono yake, akamwonyesha jinsi ya kukiweka kichwa.

Alikuwa mzito kuliko alivyodhani, na alikuwa na joto lake mwenyewe. Chande akaketi chini, akageukia mwanga wa mlangoni, akafungua kanga polepole, akamtazama. Paji la uso pana. Nyusi zilizokaribiana hadi karibu kugusana, na pale katikati mkunjo mdogo, kama mtu anayesubiri uongo uishe ili aseme yake. Chande aliujua mkunjo ule. Alikua chini yake kule Bodo, akipata chakula, akipata kofi, akifunikwa shuka, mpaka siku walipomfukia mwenye mkunjo huo, yeye Chande akiwa na ndevu za kwanza.

– Mwanatumu, alisema. Huyu ni mama yangu.

– Nilikuwa nangoja umwone, alisema Mwanatumu.

Mtoto akapiga miayo, akafumba macho, akayafumbua tena, akamtazama baba yake bila haraka. Chande alisogeza mdomo kwenye sikio lake la kuume, akamsomea adhana kwa sauti iliyokuwa ikikatika na kurudi, na alipomaliza akamwambia jina lake, la bibi yake wa Bodo, mara tatu, ili lisikosee njia: Chiku, Chiku, Chiku.

Kisha akainuka naye, akaenda kusimama kizingitini. Upande wa pili wa njia wanaume watano walikuwa wamesimama mbele ya mataruma, vikombe mkononi, wakimsubiri.